Oak Ridge: Kuhifadhi Mji Uliojengwa Usidumu

Oak Ridge ni mji wa watu wapatao 31,000 mashariki mwa jimbo la Tennessee, Marekani, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Knoxville. Ulijengwa na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kusudi moja: kutengeneza malighafi ya bomu la atomiki. Miaka yote ya vita haukuonyeshwa kwenye ramani, ulizungushiwa ua wenye malango ya walinzi, na nyumba zake nyingi zilijengwa kwa matumizi ya miaka michache tu. Historia yake leo inatunzwa na wenyeji wenyewe. Katikati ya kazi hiyo kuna Chama cha Urithi na Uhifadhi cha Oak Ridge, maarufu kwa kifupi cha ORHPA, kilichoanzishwa mwaka 1999.

Kwa kawaida vyama vya urithi hutunza vitu ambavyo waliovijenga walitaka vidumu: ngome, msikiti, kanisa, ikulu. Oak Ridge haiko hivyo. Majengo yake yalikuwa ya haraka, nyaraka zake zilikuwa siri, na wakazi wake walikatazwa kueleza kazi waliyoifanya. Namna wenyeji walivyokabili hali hizo, walichookoa na kilichowaponyoka, inaonyesha mengi kuhusu uhifadhi wa mji wa vita.

Wakulima waliotangulia

Kabla ya 1942 eneo hilo lilikuwa la wakulima. Kati ya matuta marefu ya Appalachia palikuwa na vijiji vya Wheat, Elza, Robertsville na Scarboro, vyenye makanisa, shule, maduka na bustani za matunda. Sababu za jeshi kulichagua zilikuwa za kivita na za kiufundi. Bwawa la Norris, lililokamilika 1936, lilikuwa karibu na lilitoa umeme mwingi. Mto Clinch ulitoa maji. Reli ilikuwapo, bahari ilikuwa mbali, na matuta yaliyatenga mabonde, hivyo mlipuko katika kiwanda kimoja usingeweza kuangamiza vingine.

Tarehe 19 Septemba 1942 Leslie Groves, ofisa wa jeshi aliyekuwa ameambiwa siku mbili kabla kwamba ndiye atakayeuongoza Mradi wa Manhattan wa kutengeneza bomu la atomiki, aliidhinisha kutwaliwa kwa ardhi hiyo. Ilikuwa na ukubwa wa ekari zipatazo 59,000. Watu wapatao 3,000 walipewa notisi ya kuhama, baadhi yao wakibakiwa na majuma machache tu ya kuvuna, kuuza mifugo na kutafuta pa kwenda. Wengi walilalamika kwamba fidia ilikuwa ndogo. Wapo waliokuwa wakihamishwa kwa mara ya pili, kwa sababu ujenzi wa Bwawa la Norris ulikuwa umekwisha kuwatoa kwenye mashamba yao ya awali.

Mabaki ya vijiji hivyo ni machache. Kanisa la George Jones Memorial, lililojengwa Wheat mwaka 1901, bado limesimama, na vivyo hivyo kanisa la New Bethel. Makaburi ya familia yamesambaa ndani ya eneo la serikali, na karibu na mahali kilipokuwa kiwanda cha K-25 pana makaburi ya watumwa wa Kiafrika yaliyowekewa mawe yasiyo na majina. Wazao wa watu wa Wheat hukutana kila mwaka kanisani hapo. Mikutano hiyo ndiyo uhifadhi wa kwanza wa historia ya mahali hapo, na ilianza zamani kabla ya chama chochote cha urithi kusajiliwa.

Eneo hilo lina pia simulizi ya John Hendrix, mkazi aliyefariki 1915, anayesemekana kuwa alitabiri kwamba bonde lingejaa majengo na mitambo ya kusaidia kushinda vita kubwa kuliko zote. Kaburi lake lipo na hutembelewa. Maandishi yanayojulikana zaidi kuhusu utabiri huo, hata hivyo, ni ya baada ya mji kujengwa. Mhifadhi makini huieleza simulizi hiyo kama sehemu ya imani na fasihi simulizi ya wenyeji. Haichukui kama ushahidi wa kilichotokea, wala haitupi kwa kukosa hati.

Mji wa watu 75,000

Kazi ya kuchora mji ilipewa kampuni ya wasanifu majengo ya Skidmore, Owings & Merrill. Mpango wa kwanza ulikuwa wa wakazi 13,000. Kufikia 1945 walikuwa 75,000, na Oak Ridge ulikuwa umekuwa mji wa tano kwa ukubwa katika Tennessee bila raia wengi wa jimbo hilo kujua uko wapi. Barabara hazikuwa na lami, matope yalifika vifundoni, na njia za waenda kwa miguu zilitandikwa mbao.

Nyumba bora za familia, zipatazo 3,000, zilijengwa kwa mabamba ya semesto: ubao laini wa nyuzi za miwa uliobandikwa saruji na asbesto pande zote mbili. Ziliitwa kwa herufi, kuanzia A iliyokuwa ndogo hadi F iliyokuwa kubwa. Nyumba iligawiwa kwa kuangalia ukubwa wa familia na cheo cha mtu kazini, hivyo mpita njia aliweza kukisia hadhi ya mwenye nyumba kwa kutazama umbo la paa na veranda. Barabara kuu zilipewa majina kwa mfuatano wa alfabeti, na mitaa iliyochepuka kutoka kila barabara ilianza na herufi ileile. Utaratibu huo uliwasaidia watu walioingia mjini kwa maelfu kila mwezi, na bado unatumika.

Wasiopata nyumba za semesto waliishi katika mabweni, nyumba ndogo za paa bapa, matrela, au vibanda vya plaiwudi. Vibanda hivyo vilikuwa vyumba vya mraba vya mita tano hivi kila upande, visivyo na maji wala choo, vyenye jiko la makaa ya mawe katikati. Wamarekani Weusi ndio hasa waliopangiwa vibanda. Mpango wa awali ulikuwa na mtaa wao wenye nyumba za kudumu upande wa mashariki, lakini uhaba wa nyumba ulipozidi, mtaa huo ulipewa Wazungu. Kwa muda wanaume na wanawake Weusi waliwekwa katika kambi tofauti, hata wale waliooana.

Mji wote ulikuwa mali ya serikali. Kampuni ya Roane-Anderson ilikusanya kodi za nyumba, ikaendesha mabasi, ikagawa makaa na kutengeneza mabomba. Kanisa moja juu ya kilima, lililofunguliwa 1943, lilitumiwa kwa zamu na Waprotestanti, Wakatoliki na Wayahudi. Nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka huohuo, ambayo baadaye iliitwa Alexander Inn, iliwapokea wanasayansi na maofisa waliokuja kukagua kazi.

Viwanda vinne

Urani asilia ina aina mbili kuu za atomu, na ile inayofaa kwa bomu, urani-235, haifiki hata asilimia moja. Kuitenga kulikuwa kazi ngumu, kwa kuwa aina hizo hazitofautiani kikemia. Zinatofautiana kidogo tu kwa uzito. Oak Ridge ilijaribu njia tatu kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna aliyejua ipi ingefaulu.

Kiwanda cha Y-12 kilitumia sumaku-umeme kupinda njia za chembe za urani, ili nyepesi ziangukie mahali pake na nzito mahali pengine. Shaba ilikuwa adimu wakati wa vita, hivyo nyaya za sumaku zilitengenezwa kwa madini ya fedha yaliyoazimwa kutoka Hazina ya Marekani, tani 14,700 kwa kipimo cha Kimarekani. Shehena ya mwisho ya madini hayo ilirudishwa Hazina mwaka 1970. Mitambo ilisimamiwa na wasichana wengi waliotoka sekondari za jirani, waliofundishwa kutazama mishale ya mita na kugeuza swichi bila kuambiwa wanachotenga.

Kiwanda cha K-25 kilipitisha gesi ya urani katika viwambo vyenye matundu madogo mno, maelfu ya mara, hadi sehemu nyepesi iongezeke. Jengo lake lilikuwa na umbo la herufi U, kila mkono ukiwa na urefu wa karibu nusu maili. Lilikuwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani, na watu wengi hulitaja kuwa kubwa kuliko yote ya wakati wake. Kiwanda cha S-50 kilitumia joto. X-10 kilikuwa cha namna nyingine: kinu cha nyuklia cha grafiti kilichowashwa alfajiri ya tarehe 4 Novemba 1943 ili kuonyesha jinsi ya kupata plutoni, malighafi nyingine ya bomu. Kiliendelea kufanya kazi hadi 1963, na jengo lake limehifadhiwa.

Wafanyakazi, ambao walizidi 80,000 kazi ilipofikia kilele, walielewa kazi ya mji wao tarehe 6 Agosti 1945, redio ilipotangaza kwamba bomu limeangushwa Hiroshima. Urani ya bomu hilo ilitoka Oak Ridge. Makadirio yanayokubalika sana ni kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima kutokana nalo.

Kutoka kambi hadi manispaa

Vita vilipokwisha wakazi walipungua haraka. Malango ya mji yalifunguliwa kwa umma tarehe 19 Machi 1949, na siku hiyohiyo ikafunguliwa makumbusho ya nishati ya atomiki. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ilianza kuwauzia wakazi nyumba walizokuwa wakipanga, na mwaka 1959 Oak Ridge ikawa manispaa yenye halmashauri yake.

Uuzaji huo una uzito mkubwa kwa historia ya uhifadhi. Nyumba za herufi zilipoingia mikononi mwa watu binafsi, kila mmoja alianza kuifanya yake. Veranda zilizibwa, vyumba viliongezwa, na mabamba ya semesto yalifunikwa kwa plastiki, alumini au matofali, hasa madhara ya asbesto yalipojulikana. Sehemu ya zamani ya mji iliandikishwa mwaka 1991 katika Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, lakini kuandikishwa huko hakumzuii mwenye nyumba kubadilisha nyumba yake kwa pesa zake mwenyewe. Matokeo yake, ramani ya mji imehifadhika vizuri kuliko nyumba zake. Anayefuata mitaa ya Oak Ridge leo anapita katika mchoro wa 1943, ingawa kuta nyingi anazoziona ni za baadaye.

Chama na zana zake

ORHPA ilianzishwa wakati watu waliofika Oak Ridge wakiwa vijana walikuwa wameingia uzeeni. Ni chama cha watu wa kujitolea. Kimeandaa mihadhara na maonyesho, na makao yake yamekuwa katika jengo la Midtown, lililowahi kuwa klabu ya vijana wa shule iliyoitwa Wildcat Den. Wanachama wake wengi wa mwanzo walikuwa wakemia, wahandisi na walimu wastaafu. Watu hao walikuwa na sifa adimu kwa wahifadhi: walijua mitambo ilivyofanya kazi kwa sababu waliiendesha. Aliyejulikana zaidi katika kizazi hicho ni Bill Wilcox, mkemia aliyefika Oak Ridge mwaka 1943 na ambaye baadaye alipewa wadhifa wa mwanahistoria wa mji. Alifariki 2013.

Zana ya kwanza ya wahifadhi wa Oak Ridge ni picha. Wakati wa vita raia hawakuruhusiwa kupiga picha ovyo, na mpigapicha rasmi alikuwa mmoja, Ed Westcott, aliyefariki 2019 akiwa na umri wa miaka 97. Karibu kila taswira ya mji wa wakati ule inayoonekana vitabuni imetoka kwenye kamera yake: foleni za maduka, wasichana mbele ya mitambo, watoto kwenye matope, umati ukishangilia mwisho wa vita. Ni hazina kubwa, na ina mipaka yake. Westcott alikuwa mwajiriwa wa mradi, na sehemu kubwa ya alichopiga ni kile ambacho jeshi lilitaka kiwe na kumbukumbu. Magomvi ya kazini, hofu ya kupelelezwa na manung'uniko ya vibandani hayaonekani kwa wingi katika picha hizo.

Pengo hilo linajazwa na zana ya pili, historia simulizi. Maktaba ya umma ya Oak Ridge ina chumba cha historia ya mji pamoja na kituo cha kurekodi na kutunza masimulizi ya wakazi. Masimulizi hayo yana habari ambazo ripoti za jeshi hazikuona haja ya kuzitunza: jinsi nguo zilivyofuliwa bila maji ya kutosha, nani alilea watoto wa wafanyakazi wa zamu ya usiku, uvumi gani ulizagaa kuhusu kinachotengenezwa. Kumbukumbu ya mzee haiwi sahihi daima, na mtu aliyezoea kunyamaza kwa miaka mingi hunyamaza hata mbele ya kinasa sauti. Kwa hiyo masimulizi hulinganishwa na nyaraka, na nyaraka hulinganishwa na masimulizi.

Nyaraka nazo zimekuwa zikifunguliwa kidogokidogo, na kila zinapofunguliwa historia hubadilika. Mfano unaojulikana ni wa George Koval, askari aliyefanya kazi ya kupima mionzi Oak Ridge. Mwaka 2007 Urusi ilimpa nishani yake ya juu kabisa baada ya kifo chake, na ndipo umma ulipojua kwamba alikuwa jasusi wa Muungano wa Kisovieti. Mji ulioishi kwa mabango ya kuwaonya watu wafunge midomo ulikuwa umemwajiri jasusi na kumpa beji ya kuingilia.

Zana ya tatu ni sheria. Kifungu cha 106 cha Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia ya 1966 kinaitaka idara yoyote ya serikali kuu ya Marekani, kabla ya kubomoa au kubadilisha mahali penye thamani ya kihistoria, kushauriana na wadau. Kifungu hicho hakiilazimishi idara kuacha jengo. Kinailazimisha kusikiliza, kujibu na mara nyingi kuafikiana namna ya kufidia kitakachopotea. Kwa chama kisicho na ardhi wala bajeti kubwa, kiti katika mazungumzo hayo ndicho chenye nguvu kuliko kitu kingine chochote.

K-25: kushindwa kulikozaa matunda

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa jengo la K-25. Kazi ya kutenga urani katika eneo hilo ilikoma katika miaka ya 1980. Wizara ya Nishati ya Marekani ilitaka kulibomoa jengo kwa sababu lilikuwa na mabaki ya urani na kemikali, na paa na sakafu zake zilikuwa zimeoza. Wahifadhi, Wilcox akiwa mstari wa mbele, hawakudai jengo zima libaki. Waliomba sehemu ya kaskazini pekee, kitako cha ile herufi U, pamoja na mitambo kadhaa, ili mgeni aweze kusimama ndani na kuona ukubwa wa kazi.

Mazungumzo yalichukua miaka mingi. Mwanzoni wizara ilikubali kuhifadhi sehemu hiyo, kisha ikarudi na hoja kwamba hali ya jengo na gharama haviruhusu. Makubaliano ya mwisho yalitiwa saini 2012: jengo lote libomolewe, na badala yake wizara igharimie kituo cha historia ya K-25 na alama za kuonyesha mahali jengo lilipokuwa, na itoe dola 500,000 kuokoa Alexander Inn, nyumba ya wageni iliyokuwa imeachwa ioze katikati ya mji. Ubomoaji wa K-25 ulikamilika 2013. Kituo cha historia kilifunguliwa Februari 2020.

Alexander Inn ilipata mwekezaji, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2015 kuwa makazi ya kutunzia wazee. Sura ya mbele, ukumbi na veranda ndefu vilibaki. Hilo ni suluhisho ambalo wahifadhi wengi hulikubali kwa shingo upande, kwa kuwa jengo linabaki likiwa na kazi nyingine. Ila jengo lenye wapangaji huzibwa paa linapovuja, na lile linalosubiri kuwa makumbusho huweza kusubiri hadi lianguke.

Ukipimwa kwa matofali, mkasa wa K-25 ulikuwa kushindwa. Ukipimwa kwa maarifa, haukuwa hasara tupu. Shinikizo la wenyeji ndilo lililofanya kiwanda kiwe na makumbusho, vifaa na rekodi, badala ya kubaki uwanja mtupu. Mashinikizo ya namna hiyo, yakiunganishwa na kampeni ya kitaifa, yalichangia pia Bunge la Marekani kupitisha mwishoni mwa 2014 sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Mradi wa Manhattan. Ilizinduliwa rasmi Novemba 2015, ikijumuisha Oak Ridge, Los Alamos na Hanford.

Habari zisizopendeza

Kila chama cha urithi kina kishawishi cha kusimulia mema tu. Kishawishi hicho ni kikali zaidi katika mji wa vita, ambako wakazi wa kwanza waliamini, na wengi waliamini hadi kufa, kwamba kazi yao ilivimaliza vita na kuokoa maisha. Tamasha la mji limewahi kujaa magari ya kijeshi ya zamani na muziki wa miaka ya 1940. Historia yenyewe ina mengine.

Tarehe 10 Aprili 1945 Ebb Cade, kibarua Mweusi aliyekuwa amelazwa hospitali ya Oak Ridge baada ya ajali ya gari, alidungwa plutoni bila kuombwa ridhaa, ili madaktari wachunguze inavyopita mwilini. Alifariki 1953. Kisa chake na vya wagonjwa wengine waliofanyiwa hivyo vilijulikana kwa upana baada ya uchunguzi wa gazeti moja la New Mexico mwaka 1993. Mwaka 1983 serikali ilikiri kwamba karibu tani 1,000 za zebaki zilizotumika Y-12 baada ya vita zilikuwa zimepotea au hazijulikani zilikokwenda, nyingine zikiwa zimeingia kwenye kijito kinachopita katikati ya mji.

Upo pia upande wa ubaguzi wa rangi na namna ulivyoanza kuvunjwa. Septemba 1955 wanafunzi Weusi 85 kutoka mtaa wa Scarboro waliingia katika shule mbili za Wazungu za Oak Ridge. Shule hizo zilikuwa miongoni mwa shule za umma za mwanzo kabisa Kusini mwa Marekani kufungua milango hivyo, mwaka mmoja kabla ya mji jirani wa Clinton, ambao kisa chake kilivuma zaidi kwa sababu kilikuwa na vurugu. Kwa muda mrefu tukio la Oak Ridge lilitajwa kwa nadra. Jitihada za wanafunzi hao wenyewe, wakiwa sasa wazee, na za wanahistoria wa mji ndizo zilizolirudisha kwenye mazungumzo ya umma.

Mji huo una pia kengele kubwa ya shaba iliyotengenezwa Japani 1993 na kuzinduliwa 1996 kama ishara ya urafiki na amani. Haikupokelewa na wote. Wapo walioiona kama kuomba radhi kwa jambo wasiloliona kuwa kosa, na mkazi mmoja alikwenda mahakamani akidai ni alama ya dini ya Kibudha katika bustani ya umma. Alishindwa, na kengele bado hupigwa.

Los Alamos na Hanford

Dada wawili wa Oak Ridge wanatoa kipimo cha kulinganisha. Los Alamos, mji wa maabara ulioko New Mexico, ulianzisha chama chake cha historia mwaka 1967, zaidi ya miaka 30 kabla ya ORHPA. Kuwahi huko kulizaa matunda, kwa maana chama hicho kimeweza kumiliki majengo, ikiwamo nyumba aliyoishi Robert Oppenheimer, mkuu wa maabara hiyo wakati wa vita. Kimehifadhi pia kibanda cha magogo cha familia ya wakulima wenye asili ya Kihispania, walioondolewa kwenye uwanda huo ili kupisha mradi. Mwaka 2004 Bunge lilitenga dola milioni 10 kuwafidia wazao wa wakulima hao.

Huko Hanford, katika jimbo la Washington, wahifadhi walielekeza nguvu kwenye kinu kimoja, B Reactor, cha kwanza duniani kuzalisha plutoni kwa wingi. Kilipewa hadhi ya Alama ya Kihistoria ya Taifa mwaka 2008 na kimepokea wageni. Walichagua kitu kimoja kisichobishaniwa thamani yake, wakakishikilia hadi mwisho. Oak Ridge, yenye viwanda vinne na mji mzima, iligawa nguvu zake, na kikubwa kuliko vyote kikaiponyoka.

Mwanzo wa mnyororo

Historia ya Oak Ridge haianzii Tennessee. Tarehe 18 Septemba 1942, siku moja kabla ya kuidhinisha ununuzi wa ardhi, Groves alimtuma msaidizi wake Kenneth Nichols kwenda New York kuonana na Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga. Sengier alikuwa na shehena ya madini ya urani ipatayo tani 1,200, aliyoisafirisha kutoka Kongo mwaka 1940 na kuihifadhi kwenye ghala Staten Island. Makubaliano yalifikiwa siku hiyohiyo.

Madini hayo yalichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga, eneo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na sokoni. Baadhi yake yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, kiwango ambacho hakikuonekana kwingineko, wakati madini ya Marekani na Kanada yalikuwa hafifu mno. Mgodi uliokuwa umefungwa tangu 1937 na kujaa maji ulifunguliwa tena wakati wa vita kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani, na takriban theluthi mbili ya urani iliyotumiwa na Mradi wa Manhattan ilitoka Kongo. Vibarua Waafrika waliichimba, wakaichambua kwa mikono na kuijaza magunia. Hawakuambiwa ni ya nini, kama ambavyo wasichana wa Y-12 hawakuambiwa.

Shinkolobwe ilifungwa Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, na mashimo yake makuu yakazibwa kwa zege. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali iliupiga marufuku uchimbaji huo, na mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Makazi ya wachimbaji yalibomolewa.

Uzoefu wa Oak Ridge unaonyesha kwamba majengo ya vita ndiyo magumu zaidi kuokoa, na kwamba kilichookolewa kwa ukamilifu zaidi ni sauti na picha za watu, kwa sababu zilikusanywa wenyewe wangali hai. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipokuwa akijaza magunia Shinkolobwe mwaka 1944 angekuwa leo amepita miaka 100. Watoto wa vibarua hao bado wapo Likasi na Lubumbashi, na lugha ya kuwahoji ni Kiswahili.